Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Asali isitangulie yai

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kuzungusha utepe kwenye mikono ya watoto. Utepe ukisoma chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huyo ana utapiamlo mkali na hana siku za kusubiri. Ndiyo maana pendekezo la kuwagawia watoto hawa asali kama lishe ya nyongeza limeninyima usingizi.

Sina ugomvi na asali. Gramu 100 zake zina kilokalori 300 hivi, na nimeona mtoto aliyeukataa uji akiumaliza kwa ajili ya kijiko kimoja. Lakini asali karibu yote ni sukari na maji. Protini ni gramu 0.3 hivi tu katika kila gramu 100. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ili azipate kwenye asali, mtoto angelazimika kula kilo 2 hivi za asali. Aliyevimba miguu kwa kwashakoo anahitaji protini, mafuta, zinki, potasiamu na vitamini, vitu vilivyomo kwenye chakula dawa cha karanga na maziwa.

Linalonitisha zaidi ni watoto wachanga. Asali huweza kubeba spora, yaani mbegu zilizolala, za bakteria Clostridium botulinum. Sisi wakubwa tukizila, kwa kawaida hatudhuriki. Kwenye utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12 huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli: choo kinakuwa kigumu, kilio kinafifia, kunyonya kunamshinda, shingo inalegea, mwisho pumzi. Kuichemsha asali jikoni hakuziui spora hizo. Na kwa mtoto aliyekwisha kudhoofu kwa njaa, nani atazitambua dalili hizo? Mama atadhani ni unyonge uleule wa siku zote. Hata mimi ningeweza kudhani hivyo.

Naomba kila chupa iandikwe, kwa lugha anayoisoma mama: hakuna asali kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka ulimini. Waliovuka mwaka watiliwe kidogo kwenye uji ambao tayari una maziwa, yai au karanga. Wenye utapiamlo mkali wapelekwe kwenye matibabu, wasirudishwe nyumbani na chupa. Na fedha zikiwa haba, chakula dawa kinunuliwe kwanza.

Ukiniita mbele ya wataalamu wako, nitakuja na utepe wangu.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ya jamii