Wito wa harambee: Maonyesho ya sanaa kuhusu kumbukumbu zilizo majumbani mwetu Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, walimu, akina mama na vijana wa Lamu, pamoja na jamaa zetu walioko Mombasa, Nairobi, Omani na kwingineko,

Kikundi chetu cha wasanii na wakazi wa mji wa kale kinawaomba mchango wa hali na mali ili tufanye maonyesho ya sanaa katika wiki ya Maulidi ijayo, wakati mji unapojaa wenyewe na wageni. Tumeomba nafasi ndani ya Ngome, jengo lililokuwa gereza hadi mwaka 1984. Maonyesho yatahusu elimu iliyowekwa majumbani: miswada, barua, hati za mashamba, picha za studio, na kanda za kaseti za mashairi ambazo wengi wetu tunazo lakini ni wachache wanaozifungua.

Utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858 uliishi miaka mingi katika nakala za mkono kabla haujapata kuchapishwa, na mafundi wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, walisifika kwa kunakili Misahafu. Nakala hizo zilidumu kwa sababu watu walizisoma na kuzinakili tena, wala si kwa sababu zilifungiwa. Hivi karibuni mwanachama wetu alituletea juzuu ya marehemu babu yake iliyokuwa chini ya kasha. Mchwa walikuwa wameingilia pembe ya chini na kutoboa kurasa hadi katikati, na pale ukingoni, ambapo mzee aliandika siku walizozaliwa wanawe, majina mawili yamebaki nusu. Juzuu yenyewe inaweza kupatikana kwingine, lakini majina yale hayapo popote.

Tunashukuru kwamba miswada ya Msikiti wa Riyadha ilikwisha kupigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hata hivyo, Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi. Kwa maoni yetu, nakala iliyo mbali ni akiba njema, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya watu wanaojua walichonacho na wanaoweza kukisoma.

Ndiyo maana tumechagua sanaa. Marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha wa hapa Lamu, alikata picha na kuziunganisha upya katika studio yake, na vijana wetu wanafuata njia hiyo kwa nakala za picha za ukoo. Msanii mmoja anaandika upya kurasa zilizoliwa na mchwa juu ya matanga makuukuu ya jahazi, akiyaacha matundu yalivyo. Mwingine anatengeneza chumba cha giza ambamo mgeni atasikiliza sauti za kaseti, pamoja na mikwaruzo yake yote. Mtoto wa madrasa akisimama mbele ya kazi hizo, tunatumaini atarudi nyumbani na kuuliza ndani ya kasha mna nini.

Tunahitaji shilingi 720,000. Kati ya hizo, 240,000 ni za makabati ya vioo yanayofungika, 180,000 za kupiga picha nyaraka na kunakili kanda, 200,000 za vifaa vya wasanii, na 100,000 za walinzi wa usiku na mchana. Wanachama wamekwisha kutoa 95,000. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu zote zitasomwa hadharani baada ya maonyesho.

Asiye na fedha asijione hana la kutoa. Tunahitaji pia wazee wanaosoma mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, redio ya kaseti iliyo nzima, na seremala wa kujitolea kwa siku chache. Anayetaka kuazimisha waraka au picha atabaki kuwa mwenye mali yake: tutainakili mbele yake na kumrudishia asili yake siku hiyo hiyo, na barua yenye siri za ukoo haitaonyeshwa bila idhini ya ukoo mzima.

Kamati hukutana kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, na mweka hazina huwapo kupokea michango. Tafadhali leteni nyaraka mapema, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa kikavu wala si kwa mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu na kuharakisha ukungu.