Salamu za Noeli kutoka kwa mwalimu wa malaika

Wapendwa wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi wanangu mtakaosomewa barua hii na wakubwa wenu: Bwana Yesu asifiwe.

Salamu hizi huandikwa na mwalimu mkuu. Mwaka huu amenitupia mimi, eti mtu anayeshinda na malaika kila jioni ndiye mwenye habari za mbinguni. Malaika anaowasema ni wa darasa la pili. Mngewasikia wanavyogombania mabawa msingekuwa na haraka ya kwenda huko.

Kipindi hiki shule ya kanisa huishi katika kalenda mbili zisizoelewana. Ya muhula inakata roho: mitihani inasahihishwa, ripoti zinajazwa, vitabu vya maktaba vinatafutwa chini ya vitanda. Ya kanisa ndiyo kwanza inafungua macho, maana Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma ya kuingojea Noeli), inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, ndiyo mwaka mpya wa kanisa. Kwa hiyo katika jengo moja tunafunga na kufungua kwa wakati mmoja. Watoto wamechoka na wamechangamka papo hapo, na mchanganyiko huo, mwalimu yeyote atawaambia, ni moto na petroli.

Swali la msimu ni moja tu: "Mwalimu, zimebaki siku ngapi?" Linaulizwa asubuhi, linaulizwa katikati ya hesabu za sehemu, linaulizwa na mtoto yule yule aliyejibiwa dakika tano zilizopita. Zamani lilinichosha. Siku hizi namkumbuka Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Hamburg aliyelea watoto wa kimaskini katika makao aliyoyaanzisha mwaka 1833. Nao walimsumbua kwa swali hilo hilo. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe minne, midogo kwa siku za kazi na mikubwa kwa Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Shada la Majilio mnaloliona makanisani leo, lenye mishumaa minne, lilitokana na gurudumu lile. Nampenda mtu huyu kwa sababu hakuwaambia watoto watulie. Aliwapa kitu cha kuhesabia.

Letu liko mbele ya ukumbi, na kila Jumatatu kwenye ibada ya asubuhi mtoto mmoja huwasha mshumaa huku mwalimu amemshika kiganja. Jumatatu iliyopita aliyewasha aliupuliza papo hapo, kwa mazoea ya siku ya kuzaliwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mchungaji akasema basi tuimbe kabisa wimbo wa kuzaliwa, mwenye siku yake si anajulikana? Tukaimba. Tukauwasha tena.

Sasa niwaeleze kuhusu igizo, maana ndilo linalokula jioni za watoto wenu na ndilo mtakaloitiwa.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na watoto thelathini na wanane na nafasi kumi na tatu. Mariamu, Yusufu, malaika Gabrieli, malaika wengine wawili, wachungaji watatu, mamajusi watatu, mwenye nyumba ya wageni, na msomaji. Nilihesabu nikaona nimemaliza. Waliobaki nikawaambia watakuwa watazamaji. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtazamaji anavaa nini?" Nikamjibu anavaa sare ya shule. Akaketi. Hakulia wala hakununa, aliketi tu, na hilo ndilo lililonikaa kooni. Kesho yake kwenye mazoezi msomaji wangu akafika pale Luka anaposema mtoto alilazwa horini kwa sababu hawakupata nafasi, na mimi nikawa natazama viti vya nyuma, watoto ishirini na watano waliovaa sare.

Jioni ile nilirudi kwenye Biblia kama mtu anayekagua stoo. Nilitaka kujua nafasi ziko ngapi hasa. Luka anasema baada ya malaika wa kwanza walitokea wengi, jeshi la mbinguni. Jeshi! Mimi nilikuwa nimeweka watatu. Wachungaji hakuwahesabu. Mamajusi ndio walionichekesha zaidi, kwa kuwa Mathayo anataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, lakini hasemi popote kwamba walioleta walikuwa watatu. Hesabu hiyo tuliipata kwenye zawadi tukaigandisha. Tangu hapo nimewahi kuwa na mamajusi saba jukwaani, mmoja akibeba dhahabu, mwingine akibeba mfuniko wake, na hakuna mwinjilisti aliyenishtaki.

Na Yusufu? Katika Injili zote nne Yusufu hasemi hata neno moja. Anaota, anaamka, anatii, anasafiri. Nilipoligundua hilo nilimfikiria mtoto mmoja aliyekuwa na kigugumizi, ambaye kila mwaka aliomba akae nyuma ya pazia avute kamba. Nikamwambia: nina nafasi kubwa kuliko zote na haina mstari hata mmoja. Alisimama kando ya Mariamu dakika ishirini nzima ameshika fimbo, na sijapata kumwona Yusufu mwenye heshima kama ile.

Nafasi moja nimeifuta, na baadhi yenu mmeniuliza kwa nini. Ni ya yule bwana anayefungua mlango, anafoka "Hakuna nafasi!" na kuubamiza. Watoto huipenda sana, hasa kubamiza. Lakini mtafuteni katika sura ya pili ya Luka, hamtamkuta. Luka anasema tu mahali hapakuwapo. Neno la Kigiriki alilotumia ni lile lile alilotumia baadaye kwa chumba cha wageni ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Mwenye nyumba ya wageni yumo kweli katika Injili ya Luka, ila yuko sura ya kumi, kwenye mfano wa Msamaria mwema, na yeye anampokea majeruhi, anapewa dinari mbili, anaachiwa mgonjwa amtunze. Kwa hiyo miaka yote hiyo tulikuwa tunamfundisha mtoto mmoja kuwa mkatili kwa niaba ya mtu asiyeandikwa, na yule aliyeandikwa, mwema, tukamwacha nje. Mwaka huu nimemleta huyo wa sura ya kumi. Anabeba taa na kuwaonyesha njia ya horini. Najua ninachanganya sura. Mchungaji anajua pia, na amesema akiulizwa na askofu atasema ni mimi.

Ng'ombe na punda nao hawamo katika habari ya Luka, ikiwa mnataka kuniadhibu kwa ukali huo huo. Wamezoeleka kutokana na maneno ya nabii Isaya, kwamba ng'ombe anamjua bwana wake na punda anakijua kibanda cha bwana wake. Na usiku wa Noeli mwaka 1223, pale Greccio, Italia, Fransisko wa Assisi alitayarisha hori lenye nyasi, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, watu wa kijiji wakaja na mienge waone kwa macho yao umaskini ule ulivyokuwa. Hao sitawafuta. Nina watoto wanne wanaowahitaji: wawili kwa kila mnyama, mbele na nyuma.

Upande wa wachungaji kuna utata wa Kiswahili chetu ambao hauzeeki. Kila mwaka lazima mtoto aulize wachungaji waliokuwa kondeni walikuwa wa kanisa gani. Mwaka huu swali likamfikia Mchungaji mwenyewe. Akafikiri, akajibu kwamba walikuwa wa kanisa lenye kondoo, kisha akaniomba awe kondoo. Nilidhani anatania. Amekuja mazoezini mara mbili, na kwa ukweli analia vizuri kuliko kundi zima.

Shule hii ni ya kanisa, lakini si wote wanaoketi kwenye madawati yake ni wa kanisa, na hilo tunalijua na tunalipenda. Mwaka fulani nilimwita mama mmoja Mwislamu nimuulize kwa upole kama ana pingamizi binti yake akishiriki. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Hakuniacha niifike hata nusu. Aliniambia Maryam ana sura yake katika Kurani, ya 19, na kwamba uchungu wa kuzaa ulimpata chini ya shina la mtende. "Mwalimu, Maryam mnadhani ni wenu peke yenu?" Akaomba ashonee malaika mabawa, na mabawa yale ndiyo tunayoyatumia mpaka leo, mshono haujafumuka hata mmoja. Ninyi mnaotumia gundi, tafadhali jifunzeni.

Kwaya inaendelea, na kuhusu kwaya nitasema machache kwa kuwa mtaisikia. Ila niwape kisa kimoja cha mwalimu mwenzangu, hasa ninyi walimu ambao hadi sasa hamjamaliza ripoti. Franz Xaver Gruber alikuwa mwalimu wa shule kijijini Arnsdorf, Austria, na alipiga kinanda katika kanisa la Oberndorf, jirani. Tarehe 24 Desemba 1818 padre msaidizi Joseph Mohr alimletea shairi alilokuwa ameliandika mwaka 1816, akamwomba alitungie sauti. Akalitunga siku hiyo hiyo, na usiku ule wawili hao wakaliimba kwa gitaa. Ndio ule wimbo wa usiku mtakatifu ambao hata wasioimba kwaya wanaujua. Shairi lilingoja miaka miwili, sauti ikapatikana siku ya mwisho, kwa mwalimu, pengine na vumbi la chaki kwenye kofi la mkono. Basi mkiniona bado nabadilisha ubeti wa pili ijapokuwa zimebaki siku chache, nina ushahidi.

Nina shukrani zangu, na kwa makusudi naanzia jikoni. Mpishi wetu ndiye aliyegundua kwamba mtoto fulani alikuwa anakula nusu na kuficha nusu kwa ajili ya mdogo wake nyumbani. Walimu sita tulipita karibu na sahani ile bila kuona. Mlinzi wa lango anajua majina ya watoto wote, mimi bado nakosea mapacha. Bibi na babu mnaolea wajukuu, mnaokuja kwenye kikao cha wazazi mapema kuliko wazazi na kuketi mbele, tunawaona. Nanyi mliolipa ada kwa mafungu madogo madogo huku mkiomba radhi kila mara, acheni kuomba radhi.

Kuna nyumba ambazo mwaka huu zitakuwa na kiti kitupu. Wawili katika darasa langu wamezika mzazi tangu Noeli iliyopita, na mmoja anangoja baba aliye mbali ambaye ahadi zake za kurudi zimekwisha kuwa nyingi. Sina maneno ya kuziba pengo hilo, na nimejifunza kutoyatafuta. Mmoja wao aliniuliza kama anaweza kuwasha mshumaa halafu asiseme sala, asimame tu. Nikamwambia anaweza. Alisimama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na watoto mia tatu hawakutikisika, jambo ambalo hata mwalimu mkuu kwa filimbi yake hajawahi kulipata. Nyumba za namna hiyo, jueni kwamba hatuwadai furaha. Njooni mketi. Mkitaka kuondoka katikati, mlango wa pembeni hautakuwa na kufuli.

Wanangu, ninyi ambao jina lenu halikusikika mlipotajiwa wahusika: si kwamba nimewasahau. Siku ile darasa lilikuwa na kelele. Orodha iko ukutani na kila jina limo, nimehakikisha mara tatu. Yule aliyejiunga nasi katikati ya muhula na bado hajasema na mtu, wewe ni nyota. Nyota haisemi. Inatangulia na wengine wanaifuata.

Kwa niaba ya mwalimu mkuu, walimu, wafanyakazi na kondoo wetu mpya, nawatakia Noeli njema na mwaka mpya wenye heri. Wanaosafiri wafike salama, wanaobaki wabaki na watu.

Igizo ni Ijumaa ya mwisho kabla shule haijafungwa, baada ya ibada. Mwenye shuka jeupe lisilotumika alilete Jumatatu. Jana wameongezeka malaika wanne.