Kabla ya kusema globu ni feki, tazama ilivyofungwa

Mhariri,

Taa ya metali halaidi, ile ya mwanga mkali mweupe wa maeneo makubwa, ikifa mapema uwanjani, ghalani au kwenye kituo cha mafuta, lawama huwa mbili: globu ni feki, au umeme unapanda na kushuka. Yote mawili yapo, hatukatai. Ila ipo sababu ya tatu isiyotajwa hata na waliozifunga: globu imekaaje? Imesimama, imelala au imeinama?

Ndani ya kioo cha nje kuna mrija mdogo wa kwazi (kioo kinachohimili joto kali) wenye zebaki, gesi ya agoni na chumvi za metali, mara nyingi za sodiamu na skandiamu. Umeme hupita kati ya ncha mbili za mrija huo kama uzi wa moto. Globu ikiwa wima, uzi hukaa katikati. Ikilala, gesi ya moto hupanda na kuuinua uzi, ukawa tao linaloukaribia ukuta wa juu. Hapo ukuta hupata joto kupita kiasi: kwazi huwa nyeupe kama maziwa, huvimba, na sodiamu hupenya nje kidogo kidogo. Upande wa chini nao umepoa, chumvi zimetuama huko badala ya kuwa mvuke, hivyo mwanga hupungua na rangi hubadilika. Ndiyo maana katika ghala moja utaona globu yenye uwaridi na jirani yake yenye ukijani, ilhali zimetoka katoni moja.

Sodiamu ikizidi kupotea, volteji ya mrija hupanda hadi choki, kifaa kinachodhibiti umeme wa globu, inashindwa kuendelea kuiwasha. Globu huwaka, hujizima, hupoa, huwaka tena. Fundi asiyejua hubadilisha ignaita (kifaa cha kuanzisha kuwaka), kisha choki, kisha kapasita, na tatizo liko palepale.

Hasara yake si ndogo. Katalogi za Marekani kwa globu ya kawaida ya wati 400 huandika saa 20,000 ikiwa wima na 15,000 ikiwa vinginevyo. Ya wati 1000 ni saa 12,000 dhidi ya 9,000. Kwa taa ya wati 400 inayowaka saa 12 kila usiku, hiyo ni miaka minne na nusu dhidi ya mitatu na miezi mitano. Na saa hizo ni za kufika nusu ya globu za majaribio zikiwa zimekufa, si ahadi kwa kila moja.

Kabla ya kununua, soma herufi kwenye kioo, kitako (sehemu inayoingia kwenye holda) au boksi. U ni kokote, BU ni kitako juu, BD ni kitako chini, HOR ni ya kulala. Za Ulaya huandikwa kwa mfano p45, yaani ilale na isiinuke zaidi ya nyuzi 45. Ya BU mara nyingi huvumilia nyuzi 15 tu kutoka wima. Ukiigeuza kichwa chini unaiua, kwa sababu ncha ya mrija iliyokusudiwa kuwa chini imepakwa rangi nyeupe ya kutunza joto ili chumvi zilizolala pale zipate kuvukizwa. Ikiwa juu, rangi hiyo inapasha palipokwisha kuwa na moto, na chumvi zinabaki kwenye ubaridi.

Baadhi ya globu za kulala zina mrija uliopinda kufuata tao, na kitako chenye pini. Hizi zinahitaji holda yake maalumu, ili mpindo uelekee juu. Mpindo ukiangalia chini, faida yote imegeuka hasara.

Kwenye taa za uwanjani zenye globu ya vitako viwili, kuinamisha taa mbele na nyuma hakudhuru, kwa kuwa globu inazunguka ikiwa bado imelala. Kinachoiharibu ni kupindisha mkono wa taa upande, upande mmoja wa globu ukashuka.

Wakati wa kubadilisha, zima swichi kuu, subiri dakika 20 ipoe, hakikisha wati za globu ni sawa na za choki, kisha pima pembe. Programu ya simu inatosha. Usihukumu rangi kabla haijawaka saa 100. Kama taa huwaka mchana na usiku, izime angalau dakika 15 kila wiki: mrija uliochoka huweza kupasuka ukiwa moto, na ni afadhali ushindwe kuwaka ukiwa baridi. Taa isiyo na kioo cha mbele isifungwe globu inayohitaji kufunikwa. Kioo cha nje kikivunjika na taa ikaendelea kuwaka, zima mara moja, kwani miale ya urujuanimno huunguza macho na ngozi.

Wanaoandika zabuni za taa za viwanja na maghala wataje herufi hizo karibu na wati, na mzabuni aeleze globu itakaaje ndani ya taa anayoileta.

Mafundi umeme wa majengo,
Dar es Salaam