Waliokufa bila bunduki wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Kila inapokumbukwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, picha inayotangulia ni ya Sanamu ya Askari, yule aliyesimama Dar es Salaam tangu 1927 akiwa ameelekeza singe yake bandarini. Simkatai. Ninachoomba ni kwamba hesabu ya vita hiyo katika nchi yetu isiishie kwa wenye bunduki, kwa kuwa wengi wa waliokufa hawakuwa nazo.

Mbung'o waliwaua farasi na punda, na barabara zilikuwa chache, kwa hiyo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalisafirisha chakula na risasi vichwani mwa watu. Mpagazi naye hula. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo mzigo ulivyozidi kuliwa njiani na wabebaji wenyewe, na ndivyo wengine walivyokamatwa vijijini ili kuziba pengo. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia, na wanahistoria huamini kwamba idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo.

Wapagazi, basi, wana walau jina la soko. Waliobaki nyumbani hawana hata hilo. Hapa Ugogo, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume; Waingereza walipoingia 1916 wakachukua tena katika yaliyosalia. Mvua zikikosekana katika mwaka wa kawaida, Mgogo huuza ng'ombe apate mtama wa jirani, lakini safari hii zizi lilikuwa tupu, jirani naye alikwisha kunyang'anywa, na vijana wa kulima walikuwa wamebebeshwa masanduku ya jeshi. Njaa iliyofuata, ambayo wazee huiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000. Kuieleza kuwa ni ukame tu, kama nilivyozoea kusikia, ni kuwafutia wenye majeshi deni lao.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba askari na wapagazi wengi wa Kiafrika hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya. Ni vyema, ijapokuwa miaka mia moja imepita. Lakini hesabu hiyo ni ya waliolitumikia jeshi, na mama aliyekufa Mpwapwa akichimba mizizi porini hamo.

Naomba Novemba ijayo gazeti lako litume mwandishi huku, badala ya kuchapa tena picha ya sanamu. Wajukuu wa walioponea Mtunya bado wapo, na baadhi ya niliowasikiliza wanaweza kuwataja kwa majina watu wa ukoo wao waliozikwa njiani.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma