Kaka, ungemwacha Ba amalize kisa chake

Kaka, shikamoo.

Nimesikia kwa mama mkubwa kwamba Navratri hii, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa wa mungu mama, unakwenda Kutch, kule Gujarat, India, na kwamba utatembea kwa miguu kutoka mji wa Bhuj hadi Mata no Madh, kwenye hekalu la mungu mama Ashapura. Nimefurahi, wallahi. Nilikuandikia kwenye kundi la familia ukanijibu kwa kidole gumba, basi nakuandikia hapa, na atakayesoma asome.

Ni karibu kilomita 90 za jua na vumbi. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, tembea usiku, na ukikaribishwa chai kwenye mabanda ya barabarani usikatae, maana wale wanaowahudumia mahujaji wanaihesabu ile chai kuwa ibada yao. Ukiingia ndani, usitafute sanamu ya marumaru yenye sura nzuri. Ashapura pale ni jiwe jekundu, kimo chake kama futi sita, pana chini na jembamba juu, lina macho, na halina miguu.

Hapo kwenye miguu ndipo ulipomkatiza Ba, yule mama mzee aliyetulea, alipokuwa akitusimulia kisa cha hekalu hilo.

Unakumbuka alivyokuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, binti yangu kajikunja miguuni pake. Alikwisha kumleta Devchand, yule mfanyabiashara wa Marwar, kule Rajasthan, hadi Kutch na bidhaa zake. Alikwisha kumwotesha ndoto: mungu mama anamwambia ajenge hekalu pale pale alipomwabudu siku za Navratri, kisha asifungue mlango kwa miezi sita. Devchand akajenga, akahamia hapo na nyumba yake, akawa analinda mlango mwenyewe. Mwezi wa tano umekwisha. Ba akachukua bilauri ya chuma, akaanza kuigonga kwa pete yake, taratibu, kama njuga za mguuni zinazosikika kutoka ndani ya hekalu lililofungwa. Mtoto alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Ukatoa simu. Ukasema, "Ba, hilo hekalu lilijengwa karne ya 14. Walijenga Ajo na Anagor, mawaziri wa mtawala wa huko. Imeandikwa hapa."

Ba aliiweka bilauri chini, akavuta shali, akaomba maji. Mtoto alipomwuliza, "Halafu Devchand akafungua?" alijibu, "Muulize mjomba wako." Hakukisimulia tena hadi anaondoka duniani.

Na sisemi ulidanganya. Ajo na Anagor wanatajwa, ndiyo. Lakini hata jengo lao halikubaki kama walivyoliacha. Tetemeko la 1819 liliwahi kulibomoa, na ndani ya miaka mitano Sundarji Shivji na Vallabhaji wakalisimamisha upya. Lile la Januari 2001, lililoangusha sehemu kubwa ya Bhuj, nalo likaliharibu, likatengenezwa tena. Ukimtafuta mwanzilishi kwa kufuata matofali, utamshika yupi? Na hao mawaziri wote wawili hawakuambii kwa nini jiwe halina miguu. Devchand anakuambia. Alisikia nyimbo, akashindwa kuvumilia, akafungua mwezi mmoja kabla ya wakati, akamkuta mungu mama hajamaliza kujitokeza. Akaanguka kuomba radhi. Akasamehewa, tena akaulizwa anataka nini. Akaomba mtoto wa kiume, akaahidiwa. Ila miguu ikabaki hivyo hivyo.

Ba alikipenda kisa hiki kwa sababu ya ule msamaha. Kila mara sauti yake ilishuka alipofika hapo, wewe unajua, ulilelewa na sauti hiyo hiyo kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwomba arudie kugonga bilauri. Ndiyo maana siwezi kuelewa.

Watawala wa Kutch, wa ukoo wa Jadeja, walimfanya Ashapura mungu wa ukoo wao, na historia yao imeandikwa. Wazee wetu waliopanda jahazi Mandvi, bandari ya Kutch, wakaja Mombasa na upepo wa kaskazi hawakuandikiwa lolote. Walichokuwa nacho ni hiki kisa, kikapita mdomo kwa mdomo, mama hadi binti, hadi kwenye kitanda kile. Binti yangu alikuwa ndiye anayepokea zamu.

Kwa hiyo kama utakwenda, nakushauri jambo moja: wakute wanawake wazee wa pale, kaa chini, uwaombe wakusimulie, na simu iache mfukoni. Wasikilize hadi mwisho, hata wakichanganya miaka.

Unasema kwa watu kwamba nilikudhalilisha siku ya kumi na tatu ya msiba, nilipokataa usimame kumzungumzia Ba. Nilikataa, na ningekataa tena. Ulitaka kusimama mbele ya ukoo mzima useme jinsi alivyokuwa hazina ya hadithi. Mtoto wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Angenitazama mimi, Kaka, si wewe. Mtu alipaswa kumlinda Ba siku hiyo, kwa kuwa siku ile ya bilauri sote tulinyamaza kwa kukuheshimu, wewe ukiwa mkubwa wetu.

Binti nimemsimulia mwenyewe sehemu iliyobaki. Pete ninayo mimi, na usiniulize tena habari za kuigawa.

Nenda salama, unywe maji mengi. Na mahujaji wenzako wakikuuliza njiani ni nani aliyekufundisha kumjua Ashapura, mtaje Ba kwa jina lake kamili.

Mdogo wako.