Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Safari Chache, Masimulizi Mengi

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha masimulizi ya porini, ninawajibika kuwaeleza yale tuliyoyafanya tangu tulipokutana hapa Tanga mwaka jana. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo Katibu, kwa hiyo sitayagusa hayo. Nitazungumzia zaidi uamuzi wa kupunguza safari zetu za msituni kutoka nne hadi mbili, na kuzirefusha kutoka siku moja hadi siku tatu, kwa sababu ndio uliozua maneno mengi kuliko jambo jingine lolote, na baadhi ya maneno hayo yalinifikia kwa njia za pembeni kabla hayajafika mezani kwangu.

Chanzo cha uamuzi huo ni kosa langu mwenyewe. Mtakumbuka safari ya mwisho ya mwaka uliotangulia, tulipoondoka alfajiri kwa basi dogo, tukapita Muheza, tukapanda milima ya Usambara Mashariki na kuzimaliza njia tatu za msitu kabla ya jua kuzama. Ratiba ile niliipanga mimi, nikitaka kila mmoja aone thamani ya mchango wake. Usiku tulipouzunguka moto na mzee mmoja akaita "Paukwa!", tuliitikia "Pakawa!" kwa sauti kubwa, kisha pakawa kimya. Hapakuwa na mwenye la kusimulia. Watu walitoa simu wakaonyeshana picha za migongo ya wenzao waliokuwa wakitembea mbele yao. Chama kilichoanzishwa ili watu wasimuliane maisha ya porini kilikuwa kimekwenda porini na kurudi mikono mitupu.

Mwaka huu, basi, tulikwenda mahali pale pale, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, lakini kwa mwendo mwingine. Tulilala Zigi, palipokuwa mwisho wa ile reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni, na siku ya kwanza hatukutembea hata kilomita mbili. Kila mwanachama alichagua mahali pake kando ya kijito, akaketi peke yake kwa muda wa saa mbili, simu zikiwa zimezimwa na kukabidhiwa kwa Katibu. (Mwanachama mmoja alichagua njia ya siafu. Alihama upesi kuliko ratiba ilivyoruhusu, na tumekwishamwomba radhi.)

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo kilichotokea, kwa kuwa wengi wenu hamkuwapo. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye amezaliwa Muheza na anasema ameipita barabara ile mara zisizohesabika, aliketi mbele ya mwamba wenye ukungu wa kijani. Baada ya muda mrefu wa kuona mwamba tu, aliona katika ufa wake majani manene yenye manyoya laini, na kati ya majani hayo ua dogo la zambarau lenye vidoti viwili vya manjano katikati. Ni ua lile lile ambalo mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilichukua katika milima hii na kulipeleka kwao, na leo limo katika vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani. Mwalimu alisema aliwahi kuliona dukani, ughaibuni, likiuzwa. Kwao alikuwa hajaliona. Usiku huo alizungumza karibu nusu saa, wala hakuna aliyepiga miayo.

Mwingine alisimulia mvumo wa mabawa ya hondohondo, ambao husikika kabla ndege mwenyewe hajaonekana, kana kwamba kuna mtu anayepuliza moto kwa kipepeo juu ya miti. Kijana wetu mdogo kuliko wote alimtazama kinyonga akivuka njia, jinsi kinyonga huyo alivyonyoosha mguu, akausitisha hewani, akautikisa, ndipo akauweka chini. Na simulizi lake likamkumbusha mama mmoja ile ngano ya kinyonga aliyetumwa kuwapelekea watu habari njema, akatanguliwa na mjusi, ngano ambayo Wabantu wengi wanayo kwa sura mbalimbali. Tulipokuwa bado tunabishana kama kinyonga alaumiwe au la, perere, yule mnyama mdogo wa mitini, akapiga ukelele gizani, na wageni wawili kutoka mjini wakasimama wakidhani kuna mtu anauawa. Hayo yote ni ya jioni moja, na hakuna hata moja ambalo ratiba yangu ya zamani ingetupatia.

Safari ya pili ilikuwa ya kuwasikiliza wenyeji. Watu hupenda kusema kwamba pori halina mwenyewe, lakini Amani si hivyo: bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, mashamba ya chai yameukata msitu vipande vipande, mti uitwao msizi, ulioletwa zama hizo, umesambaa mno, hondohondo wakisaidia kuzitawanya mbegu zake, na hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997 wakati vijiji vilikwishakuwapo. Mzee mmoja wa Kisambaa alitueleza jinsi iliki ilivyolimwa chini ya vivuli vya miti mikubwa, jinsi familia zilivyosomesha watoto kwa iliki hiyo, na jinsi kilimo hicho kilivyokomeshwa ili msitu usiendelee kufa kwa chini, kwani miche michanga ya miti ilikuwa ikifyekwa kila palizi. Hakuficha uchungu wake kuhusu fidia, wala hakukana kwamba miche imeanza kuota tena. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa simulizi zito kuliko yote ya mwaka, na lilitaka wasikilizaji wasio na haraka ya basi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lisilopendeza. Baadhi yetu walimrekodi mzee huyo bila kumwomba ruhusa, naye alitambua. Kamati ilirudi kwake kumtaka radhi na sauti zile zimefutwa mbele yake. Tangu sasa hakuna atakayerekodi simulizi la mtu kabla mwenyewe hajakubali, na ninawaomba mlipitishe hilo leo kuwa kanuni, badala ya kuliacha liwe maelewano ya mdomo.

Nimesikia pia malalamiko kwamba mwanachama analipa mchango kamili halafu "haoni kitu". Sitayapuuza. Ni kweli kwamba safari ya siku tatu ni ngumu kwa wenye maduka na wanaonyonyesha, na kwamba walioshiriki mwaka huu ni wachache kuliko zamani. Kamati inapendekeza safari moja kati ya mbili iangukie sikukuu, na wasioweza kulala wapangiwe siku ya kukaa tu, pasipo matembezi. Pendekezo la kurudisha njia tatu kwa siku siliungi mkono, ingawa mkilipigia kura likapita nitalitekeleza.

Safari ijayo itafanyika masika yakishakwisha, maana barabara ya kupanda Amani haipitiki vizuri wakati wa mvua kubwa. Tutakutana stendi ya Muheza saa moja asubuhi. Njooni na sweta, na kipande cha turubai cha kukalia. Kuhusu siafu, Katibu amekubali kukagua mahali pa kila mtu kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti