Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watoto wenye kifafa sugu wapimwe mapema

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi mama wa Temeke, mwanangu yuko darasa la tatu na ana kifafa.

Kliniki tunaongezewa dozi, ikigoma tunabadilishiwa dawa, ikigoma tena tunaambiwa vumilia mama, akikua itaacha. Wakati toka 2010 shirika la kimataifa la kupambana na kifafa lilishasema, dawa mbili sahihi zikitumika vizuri na bado mtoto anaanguka, hicho ni kifafa sugu, na karibu theluthi ya wagonjwa wako humo. Hapo ilitakiwa aende akaangaliwe kama upasuaji utamfaa, sio apewe dawa ya nne ya tano mpaka anasinzia darasani.

Na kupimwa kwenyewe kuwe kupimwa kweli. Wangu alifumuliwa nywele, akabandikwa waya kichwani kama nusu saa hivi, katulia zake anachezea kamba ya kiatu, majibu yakaja "kawaida". Kawaida ya nini jamani, wakati yeye inamjia alfajiri usingizini, mkono wa kushoto unakakamaa kwanza, shingo inageuka, ndo mwili wote unafuata! Nilimrekodi kwa simu, daktari mmoja akaiangalia mara mbili akasema huo mkono unatupeleka ubongo upande wa kulia. Sasa inatakiwa EEG, kile kipimo cha waya kinachosoma umeme wa ubongo, ila ya kulazwa siku kadhaa, kamera inamwangalia usiku na mchana mpaka kifafa kimkute akiwa na waya kichwani, na MRI, picha ya ndani ya ubongo, ya mpangilio wa kifafa, vipande vyembamba, isomwe na mtu anayejua anatafuta nini maana kakovu kadogo kwenye ubongo kanapita hivi hivi bila kuonekana.

Halafu kuna kipimo cha kumbukumbu na lugha, kinadharauliwa sana hiki, ila ndo kinasaidia kujua mkikata pale mtoto atabaki na maneno yake au la. Kiandaliwe kwa Kiswahili tafadhali, mtoto wa Tandika asionyeshwe picha ya theluji akishindwa kuitaja ikaandikwa ana shida ya kumbukumbu.

Sio kila anayepimwa atapasuliwa, naelewa. Ila wenzetu wa hospitali ya AIIMS kule New Delhi, India, walitoa matokeo 2017, watoto waliopasuliwa asilimia 77 walimaliza mwaka bila kuanguka, waliobaki na dawa tu ni asilimia 7. Wapo waliopata udhaifu wa upande mmoja wa mwili, sifichi, na ndo maana nang'ang'ania vipimo kabla ya kisu.

MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ubongo unapasuliwa, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo toka 2023, basi hivi vipimo viingie kwenye kitita cha watoto, na utoke waraka kwa kliniki zote kwamba dawa ya pili ikishindwa rufaa iandikwe siku hiyo hiyo, mzazi asiwe ndo wa kuiomba.